Kabla hujalipia tena alaimenti ya mbele, nenda kapime nyuma

Gari likianza kuvuta upande mmoja kila mtu anaangalia mbele. Fundi anashika tairi ya mbele anaitikisa, anasema boljointi, anasema tairodi, anasema bushi, unanunua vyote, unapelekwa kwenye alaimenti kunyooshewa mwelekeo wa tairi, unatoka kwenye alaimenti gari linavuta vilevile ila sasa linavuta na boljointi mpya. Nyuma hakuna anayeangalia kwa sababu nyuma hakuna usukani. Na mimi nasema kwenye magari ya zamani, hasa yenye injini nyuma, nyuma ndiko pa kuanzia, kwa sababu ndiko kulikofunguliwa na kufungwa mara nyingi, giaboksi ikitoka, klachi ikibadilishwa, sili ikivuja, na kila fundi aliyepita alifunga kwa jicho.

Gari ninalolizungumzia ni la mjomba wangu hapa Tanga, Volkswagen 1300 ya mwaka 1970, ile yenye mgongo wa duara na injini nyuma. Hazikuwa gari adimu hizi, zilitoka zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla kule Mexico Julai 2003, na wazee wa huku bado wanakumbuka kwamba mwaka 1962 Volkswagen ndiyo ilishinda Safari Rally, Tommy Fjastad akiwa kwenye usukani, enzi hizo njia inapita Kenya, Uganda na Tanganyika na hakuna lami ya kuzungumzia. Kwa hiyo mtu akiniambia hii gari ni nyepesi nyepesi haiwezi barabara namwambia sawa, tuendelee.

Dalili zilikuwa za kukera kwa sababu hazikuwa kubwa. Mwanzo usukani ulikuwa unakaa umepinda kulia ukiwa unaenda moja kwa moja. Mjomba akaenda gereji moja yenye mashine ya kompyuta, wakamnyooshea usukani, akafurahi. Halafu baada ya muda tairi ya nyuma kushoto ikaanza kulika ukingo wa nje peke yake, tena siyo kulika vizuri, ukipitisha kiganja juu ya kashata zake kwenda upande mmoja laini, ukirudisha inakukwaruza. Kona za kushoto na za kulia zikawa hazifanani, upande mmoja gari limetulia, upande mwingine ukiachia mafuta tu nyuma inataka kukutangulia. Siku moja tuko njia ya Muheza bodaboda akatupita, akapunguza mwendo akaja dirishani, "Shikamoo mzee, samahani, hili gari lako linaenda kiubavuubavu." Mjomba akamjibu marahaba, halafu akakaa kimya mpaka Muheza.

Yule kijana alikuwa ameshamaliza uchunguzi, sisi tulibaki kutafuta sababu tu.

Tuelewane kwanza hapa kwenye nadharia, nitakuwa mfupi. Gari lina mstari wake wa katikati, toka pua mpaka mkia. Tairi za nyuma nazo zina mwelekeo wao, na huo mwelekeo wa wastani wa tairi mbili za nyuma ndio mwili wa gari unasukumwa kuufuata. Mistari hiyo miwili ikilala pamoja gari linaenda limenyooka. Ikiachana, tuseme tairi za nyuma kwa wastani zinatazama kulia kidogo, basi mkia unasukumwa kulia, pua inageuka kushoto, na dereva bila hata kujua anakata kulia kidogo ili aende sawa. Mwisho wa siku tairi zote nne zinatazama kulia kidogo ukilinganisha na bodi, gari linakwenda mbele lakini bodi limekaa mshazari, mkia umetoka kulia. Usukani umepinda kulia. Sasa fundi wa alaimenti akija akazungusha tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na tairi za mbele, mpaka usukani ukae katikati, hajatibu kitu, amenyoosha usukani tu, na gari bado linatembea mshazari vilevile.

Kuna jaribio la kugundua kama gari limefanyiwa hivyo. Simamisha gari usukani ukiwa katikati, zungusha mpaka mwisho kulia ukihesabu, rudi katikati, zungusha mpaka mwisho kushoto. La mjomba kulia lilikuwa linafika mapema, kushoto lina mzunguko wa ziada. Maana yake usukani ukiwa katikati tairi za mbele tayari ziko kulia. Hiyo peke yake haikwambii ekseli ya nyuma ndiyo mbovu, lakini inakwambia kuna mtu alikuwa anaficha jambo kwa kutumia tairodi.

Kabla hujalala chini ya gari ondoa vitu vya kijinga kwanza. Upepo wa tairi: hizi Volkswagen zina injini nyuma kwa hiyo upepo haulingani, mbele psi 18 nyuma 27 kwa tairi za rediali, na karibu kila ukiingia sheli kijana anataka kukujazia 30 zote nne, mkatalie. Badilisha tairi za mbele, kushoto iende kulia, ukiona mvuto nao umehama basi ni tairi. Endesha kidogo bila kukanyaga breki sana halafu gusa dramu zote nne kwa mkono, kwa uangalifu, ambayo imechemka kuliko wenzake breki yake inashika. Na barabara yenyewe: tunaendesha kushoto, lami imeinamishwa kushoto ili maji yatoke, kila gari duniani litateremka kushoto kidogo kwenye barabara hiyo. Tafuta kipande kisicho na watu, uwanja wa wazi, uende na urudi, mvuto ukibadilika upande ukirudi basi ulikuwa unalilaumu gari bure.

La mjomba lilipita yote hayo na bado likawa kiubavu. Tukamwaga maji kwenye zege pale nje, gari likapita juu yake polepole moja kwa moja tukaangalia alama. Kwenye hii gari tairi za nyuma zimetanuka kuliko za mbele kwa sentimita chache, kwa hiyo alama za nyuma lazima zitokeze nje ya alama za mbele, lakini zitokeze sawasawa kushoto na kulia. Zetu kulia zilitokeza vizuri, kushoto zilikuwa karibu zimelaliana. Mjomba akaziangalia akasema "Mpwa wangu, hii gari ina matatizo ya nyuma," utadhani mimi nilikuwa nabisha.

Sasa vifaa. Watu wanadhani hapa lazima mashine ya laser. Mashine ni nzuri kama ipo na kama mwenye mashine anajua kwamba gari la 1970 lina marekebisho nyuma, wengi ukiwauliza wanakwambia nyuma kwa hii hakuna alaimenti, imekuja hivyo kiwandani. Siyo kweli, nitafika huko. Sisi tulitumia tepu ya chuma, chaki, timazi ya fundi mwashi, pimamaji, stendi nne za kuwekea gari na mshipi wa kuvulia. Mshipi wa nailoni ule mwembamba, unauzwa popote wanapouza vifaa vya wavuvi. Tanga ni mji wa katani na nilikuwa na kamba ya katani bwerere lakini kwa kazi hii haifai, nene, ina manyoya, na hapa tunatafuta milimita.

Halafu kuna jambo moja kuhusu hii ekseli ambalo usipolijua vipimo vyako vyote ni takataka. Volkswagen hizi za swingi-ekseli (za 1302 na 1303 zilizokuja baadaye ni mfumo mwingine) nyuma hazina ekseli moja ndefu kama pikapu. Kuna mabomba mawili, kila moja limeungwa kwenye giaboksi kwa ndani linapanda na kushuka, na tairi imefungwa mwisho wa bomba wima na bomba, haina ujanja mwingine. Wazo lenyewe ni la zamani sana, Edmund Rumpler alichukua hataza yake 1903. Ubaya wake ni kwamba tairi inainama kadiri gari linavyopanda na kushuka. Pakia watu wanne nyuma, tairi zinalala juu kwa ndani. Piga jeki, tairi zinapata matege. Na ukishusha jeki hazirudi zenyewe! Mpira umeng'ang'ania sakafu, gari linabaki limening'inia juu na matege yake, ukipima hapo unapima uongo. Lazima ulisukume gari mbele na nyuma mita kadhaa, uruke ruke kwenye bampa, ulisukume tena, ndipo likae kimo chake. Kila ukigusa jeki unarudia. Inachosha, hasa kama wasukumaji ni watoto wa jirani wanaotaka soda kila mara.

Tulianza na kimo. Sakafu tumeipima kwa pimamaji, tukachagua kipande kilicho sawa, tukapima toka sakafuni mpaka ukingo wa matao ya tairi za nyuma, kushoto na kulia, halafu kwa sababu bodi za zamani zimeshagongwa na kunyooshwa hatukuamini matao, tukapima pia kwenye chuma cha chesisi chini. Tofauti ilikuwa ndogo. Ningekuta upande mmoja umekaa chini sana hapo ningeanza kufikiria tosheni baa, zile fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi za kuzunguka. Hizo zina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje, na uzuri wake ni hesabu: ukisogeza ndani jino moja umegeuza digrii 9, ukisogeza nje jino moja kinyume umerudisha digrii 8 na dakika 10, kwa hiyo kinachobaki ni dakika 50, na digrii moja ni dakika 60, yaani hata digrii moja haijafika. Mjerumani aliyekaa akafikiria 40 na 44 apewe maua yake. Ila tahadhari, fimbo ya kushoto na ya kulia haziingiliani, zimewekewa mkazo wa upande wake toka kiwandani na zina alama, na ukizifungua lile bapa la chuma linaloshikilia ekseli linachomoka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Usifungue kwa kuangalia video nusu.

Kimo kikiwa sawa tukaenda kwenye urefu. Toka katikati ya hubu, kitovu cha gurudumu, ya mbele mpaka katikati ya hubu ya nyuma kwa gari hili ni milimita 2400. Kulia tulipata 2400 na vipande, kushoto tukapata pungufu kama milimita sita. Sita siyo mchezo kwenye gari, lakini siyo ushahidi wa kufungia kesi pia, kwa sababu inawezekana mbele ndiko kumerudi nyuma badala ya nyuma kuja mbele. Hii gari mbele ina bimu, chuma kinachobeba tairi za mbele, imefungwa kwa bolti nne kwenye kichwa cha chesisi, likishagonga shimo kubwa au mti bimu inaweza kupinda.

Hapo ndipo timazi inapoingia na kusema kweli ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Unachagua pointi zinazofanana kushoto na kulia, mbele kabisa chini ya bimu, katikati pale chesisi inapopanuka nyuma kwenye bomba la tosheni (lile lenye zile fimbo ndani), na nyuma kwenye nyumba ya beringi ya kila tairi. Kila pointi unashusha timazi mpaka karibu iguse sakafu, unasubiri itulie, unaweka chaki. Ukimaliza unasukuma gari linatoka, na pale sakafuni una ramani ya gari zima bila gari. Sasa pima mishazari. Bimu ya mbele mpaka bomba la tosheni, mshazari huu na mshazari ule vililingana, maana yake chesisi haijapinda na bimu haijarudi. Bomba la tosheni mpaka nyumba za beringi, kulia vizuri, kushoto fupi. Ubishi ukaisha: mbele pazima, chesisi nzima, bomba la ekseli la kushoto limevutwa mbele.

Tukathibitisha na mshipi. Unaweka stendi mbili mbele ya gari mbili nyuma, unakaza mshipi kila upande usawa wa katikati ya tairi, unasogeza mpaka umbali toka kwenye hubu ya kushoto ulingane na wa kulia, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Usilinganishe mbele na nyuma, nimeshasema nyuma kumetanuka. Halafu mishipi yenyewe lazima iachane kiasi kilekile mbele na nyuma, ipime. Ikishakaa, chukua rula pima toka kwenye mshipi mpaka ukingo wa rimu, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa tairi hiyohiyo. Kulia vipimo vilikuwa karibu sawa. Kushoto ukingo wa mbele wa rimu ulikuwa umeingia ndani kwa milimita nne kuliko ule wa nyuma. Yaani tairi ya kushoto inatazama kulia, ndani ya gari, wakati mwenzake anatazama mbele kistaarabu. Na hesabu inakubali: bomba lina kama sentimita 60 toka kwenye kiungo chake, ukilivuta mbele milimita sita, kwenye upana wa rimu unapata nne hivi. Hapo utaelewa pia kwa nini ilikuwa inalika nje, tairi inayotazama ndani inaburuzwa kwa bega lake la nje.

Usisahau kuzungusha tairi nusu mzunguko na kupima tena. Rimu za zamani zimepinda, unaweza kusumbua ekseli kwa kosa la rimu. Kipimo kikihama na rimu ni rimu, kikibaki palepale ni ekseli. Kilibaki.

Sasa kwa nini bomba lije mbele? Hapa kuna washukiwa na lazima uwapitie wote kwa sababu wengine ni hatari. Wa kwanza ni nati kubwa ya katikati ya dramu, ile ya spana 36. Inatakiwa ikazwe karibu Nm 300, ambayo ni uzito wa mtu mzima kwenye bomba refu, na mafundi wengi wanaikaza kwa kupigilia nyundo. Ikilegea dramu inacheza kwenye meno ya shafti, tairi inayumba, na siku moja inakuaga. Tuliikuta imekaza na pini yake ipo. (Ukikaza na tundu la pini halijalingana unakaza zaidi mpaka tundu linalofuata, hurudishi nyuma.) Wa pili ni beringi, unashika tairi juu na chini unatikisa, unasikiliza. Wa tatu ni zile bushi za mpira zinazokumbatia bapa pale linapoingia kwenye bomba la tosheni, za miaka hamsini zinakuwa zimekauka kama sabuni ya kipande. Zetu zilikuwa zimechoka lakini hazijaliwa upande. Wa nne ni bapa lenyewe kupinda, unawekea rula ya chuma. Wa tano ni mpira wa kushikilia giaboksi na zile pembe mbili za chesisi zinazobeba giaboksi na injini, na huku pwani pembe hizo ndizo za kwanza kuliwa na kutu, chomoa bisibisi uchokonoe, ikizama acha mengine yote mtafute mchomeleaji.

Wa sita ndiye alikuwa mwizi. Lile bapa la chuma linaloshikilia ekseli, springi pleti, mahali linapofungwa kwenye nyumba ya beringi matundu yake siyo ya duara, ni marefu. Kwa makusudi! Hiyo ndiyo alaimenti ya nyuma ambayo watu wanasema haipo. Ukilegeza bolti, bomba linateleza mbele au nyuma ndani ya matundu hayo na tairi inageuka. Ndiyo maana utaratibu wa kiwandani ni kwamba kabla hujafungua unapiga alama kwa patasi inayokatiza bapa na nyumba ya beringi kwa pamoja, ili ukirudisha alama zikutane. Tulipokwangua matope na grisi upande wa kushoto tukaikuta alama, imepigwa vizuri kabisa na fundi fulani aliyejua kazi yake, na nusu moja ya alama iko hapa na nusu nyingine iko kule, zimeachana. Fundi mwingine aliyekuja baada yake akafunga bila kuziangalia. Bomba lilisukumwa mbele mpaka mwisho wa tundu na likafungwa hapo. Kulia alama zimekutana.

Mzee mmoja wa gereji jirani, ambaye amezifungua hizi tangu ujana wake, alikuja kuchungulia akacheka, "Wanangu, hapo hapahitaji kompyuta, hapo panahitaji tochi." Mjomba hakucheka.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja, kuchunguza ndiko kulikokula muda. Gari likae kwenye stendi, siyo kwenye jeki, narudia siyo kwenye jeki. Bolti zilimwagiwa mafuta tangu jana yake. Ukilegeza bomba haliji kwa kuombwa, tulilisukuma kwa mtaimbo na kipande cha mbao, taratibu, mpaka alama zikakutana. Lakini usiishie kwenye alama, alama ni ya bapa na nyumba za zamani, kama kuna kilichowahi kubadilishwa haitaongea ukweli. Kaza, shusha, sukuma gari, ruka ruka, mshipi tena. Ilikuwa imebaki nusu milimita kama sikosei, tukaliacha hapo.

Na sasa jambo ambalo lingewatisha watu wengi. Tulipoliingiza barabarani usukani ulikuwa umepinda kushoto! Mjomba akaniangalia. Lakini ndivyo inavyotakiwa, kumbuka tairodi zilikuwa zimezungushwa ili kuficha kosa la nyuma, sasa kosa limeondoka, maficho yamebaki. Hapo ndipo mbele panapostahili alaimenti, na siyo kabla. Hata hivyo usiruhusu mtu achomoe usukani aurudishe umenyooka kwenye meno mengine. Boksi la usukani lina katikati yake ambapo ndipo lina pleji, yaani ulegevu, ndogo kuliko kwingine, ukihamisha usukani badala ya tairodi utakuwa unaendesha nje ya katikati hiyo miaka yote. Weka boksi katikati, kisha tairodi zifuate. Tulienda sehemu nyingine ya alaimenti, kijana pale akataka kuanza kuuliza maswali ya mwaka na modeli kwenye kompyuta, haikuwemo, nikampa vipimo kwenye karatasi akafanya kwa mkono, safi kabisa.

Kama gari lako siyo Volkswagen, wazo ni lilelile ila mwizi anabadilika. Land Rover za zamani, Datsun 1200, Escort za mwanzo, pikapu karibu zote, hizo nyuma zina ekseli moja iliyolalia springi za majani, na kinachoiweka mahali pake siyo yubolti, zile bolti za umbo la U, kama watu wanavyodhani. Yubolti zinabana tu. Kinachoshika ni senta bolti, ile moja inayopita katikati ya majani yote na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la ekseli. Ikikatika, ekseli upande huo inateleza mbele au nyuma na gari zima linakaa mshazari. Umeshaziona njia ya Segera, malori yanakuja ukidhani yanataka kukuparamia kumbe yako kwenye mstari wake, ni bodi tu imekaa upande. Hapo pima toka kwenye pini ya mbele ya springi mpaka kwenye ekseli, kushoto na kulia. Ukibadilisha senta bolti badilisha na yubolti, zikishavutwa zimevutwa, na uzikaze gari likiwa limesimama kwa tairi zake.

Peugeot 504 nayo inachanganya watu kwa sababu siyo moja. Saluni nyingi zina mikono inayojitegemea kila upande na bushi kubwa za mpira, estate na pikapu zina ekseli moja nzima. Fundi aliyezoea pikapu akiletewa saluni anatafuta kitu ambacho hakipo. Kwenye saluni ukikuta kipimo kinabadilika kila ukisukuma gari mbele na kila ukisukuma nyuma, ni bushi hizo, usipoteze mshipi.

Tairi ile ya kushoto haikupona, ikishalika bega imelika, mjomba ameihamisha kuwa spea na anasema itakaa hapo mpaka mmoja wao atangulie. Bolti za springi pleti tulizikagua tena baada ya kwenda Pangani na kurudi, moja ilikubali robo mzunguko. Nyumba ya beringi tumeipiga alama mpya na patasi pembeni ya ile ya zamani, na tumeipaka rangi nyeupe, ili atakayefungua baada yetu asiwe na kisingizio cha matope.